Gari Lililonyimwa Joto

Siku ile walikuwepo watu watano. Alikuwepo Otmari, mwenye gari. Alikuwepo mkewe Anjelista, aliyeolewa naye mwaka mmoja na miezi michache tu nyuma. Alikuwepo Eusebia, binti wa Otmari, mtoto wa miaka tisa, ambaye mama yake mzazi alifariki dunia walipokuwa bado wanaishi Dar es Salaam. Alikuwepo Fundi Sanga, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Songea. Na alikuwepo Mama Ngole, anayeuza chai jirani na gereji hiyo.

Sisi tumfuate Anjelista, ndugu zangu, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa karibu kupoteza kitu.

Nyuma ya gari walikuwa wamepakia begi la nguo, sanduku la bati la shule, na godoro dogo lililofungwa kamba. Shule zilikuwa zimefungwa, mwezi wa sita, lakini niambieni, mtoto anayekwenda likizo anabeba godoro? Eusebia alikuwa anapelekwa Songea kwa bibi yake mzaa mama, akakae huko moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ila asubuhi ile, baba yake alipokuwa anahangaika kuliingiza godoro garini, yeye mwenyewe alikuja akalisukuma kwa mikono miwili mpaka likaingia, kisha akasema, "Tayari, baba."

Kwa nini alikuwa anapelekwa? Mnadhani mama wa kambo alikuwa mkali? Habari za mama wa kambo mkali tumezisikia sana, na wengine wetu tumezionja. Lakini Anjelista hakuwa huyo. Alipoingia katika nyumba ile alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuwa na mtoto wake. Alimchemshia Eusebia maji ya kuoga kila asubuhi, maana Njombe baridi yake mnaijua. Alijifunza kusuka ili asimpeleke kwa watu. Alimfumia sweta la bluu kwa mkono wake, usiku na mchana, wiki tatu.

Na mtoto alikuwa anasema, "Asante, anti."

Hilo ndilo lilimtesa Anjelista. Mtoto yule hakuwahi kukataa kitu, hakuwahi kununa wala kulia, wala kucheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda. Lile sweta la bluu lilikuwa linambana kwapani. Alilivaa wiki nzima akisema asante, mpaka siku moja Anjelista akimwogesha akaona ngozi imechubuka, nyekundu. Akamuuliza, "Mbona hukuniambia linakubana?" Mtoto akajibu, "Linanitosha, anti."

Siku ile Anjelista alikaa jikoni na lile sweta mapajani. Akasema moyoni, mtoto huyu hatanipokea kamwe. Nimefanya yote, na bado amesimama mlangoni kama mgeni. Heri aende kwa damu yake. Alipomwambia mumewe, Otmari alisema tu, "Kama umeona hivyo." Basi.

Ndiyo safari ile. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala barabarani. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, otomatiki, ambalo Otmari alikuja nalo kutoka Dar es Salaam. Tangu wahamie Njombe lilikuwa na ugonjwa mmoja: halikubali kuingia gia ya mwisho. Mafundi wanaiita ovadraivu. Ni ile gia inayoingia barabara ikiwa nyeupe mbele yako, injini inatulia, gari linateleza. Gari la Otmari halikuifikia. Ukikanyaga mafuta linapiga kelele tu, injini inalia kama inapanda mlima kumbe iko tambarare, na mafuta linakunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Mafundi watatu walishalitazama, na wote watatu walisema gia boksi imekufa.

Walipokwenda saa nzima ile kelele ikamshinda Otmari. Alipoona kibao cha gereji akakunja.

Fundi Sanga alitoka akifuta mikono kwenye ovaroli kuukuu ya bluu.

"Karibuni. Nimewasikia tangu mko kule mtoni. Nikasema ama ni lori ama ni mtu anayegombana na gari lake."

"Gia boksi imekufa," Otmari akasema. "Nataka tu uniangalizie kama itanifikisha Songea na kunirudisha."

"Nani amesema imekufa?"

"Mafundi watatu."

"Watatu! Na katika watatu hao akakosekana hata mmoja wa kumshika mgonjwa mkono?"

Kutoka upande wa pili Mama Ngole akapaza sauti. "Mwanangu, mlete huyo mtoto hapa penye jiko! Huko kwenye vyuma atapigwa baridi bure, na huyo fundi akishaingiza kichwa kwenye boneti hatoki leo."

"Mama Ngole, wewe uza chai yako," fundi akajibu.

"Ninaiuza. Ni wewe unayeiacha ipoe halafu unawatangazia watu kwamba ni mbaya."

Eusebia akamtazama Anjelista kuomba ruhusa, akaruhusiwa, akaenda. Mama Ngole hakumuuliza jina wala ukoo. Alivuta kigoda karibu na jiko la mkaa, akamkalisha, akamvisha khanga begani, akaendelea na kazi yake. Anjelista aliliona hilo, akalishukuru kimyakimya.

Fundi Sanga akaanza. Kwanza aliangalia kile kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa mkono wa gia, kinachofungia ovadraivu, kwa sababu wapo watu waliohangaika mwezi mzima kumbe kitufe kimebonyezwa. Kilikuwa sawa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akaifuta kwenye kitambaa cheupe, akainusa.

"Nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Maiti gani huyu ana damu nzuri namna hii?"

Akalala chini ya gari akaangalia nyaya zinazoingia kwenye gia boksi. Zimekaza. Akatoka, akasimama akilitazama gari kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyesema ukweli. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna fundi mwingine alikifanya. Alishika kwa kiganja ule mpira mkubwa unaopeleka maji ya injini kwenye rejeta yakapozwe, akauacha mkono wake pale.

"Mmetoka Njombe saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Saa nzima barabarani, injini inapiga kelele yote ile. Mpira huu ulitakiwa uniunguze. Lakini huu ningeweza kuufanya mto nikalala." Akachungulia dashibodi. "Na mshale wa joto uko chini kabisa. Huwa unapanda?"

"Hapana," Otmari akasema, na alisema kwa fahari kidogo. "Gari langu halichemki. Tangu mwaka juzi halijachemka hata siku moja."

"Haliwezi kuchemka. Themostati haimo humu. Nani aliitoa?"

Otmari akakohoa. "Niliitoa mimi."

Kwa wasiokijua kifaa hicho, themostati ni kidude kidogo kama kizibo, kinakaa mdomoni mwa injini. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, kinayazuia maji yasizunguke kwenda kupozwa, ili injini ijipashe kwanza. Ikishapata joto lake, kinafunguka. Wengi wetu huku tunakitoa na kukitupa, ili gari lisichemke. Tunasema hicho ni kitu cha nchi za watu, nchi za baridi, sisi tuna jua.

"Na Njombe nako kuna jua?" fundi akauliza, mpaka Otmari mwenyewe akacheka kidogo. "Sikiliza, kaka. Gari hili lina kontroli boksi, ndiyo akili yake. Ile akili inatazama joto la injini. Ikiona bado ni baridi, inasema, huyu bado hajaamka, simpi gia ya mwisho. Dar es Salaam, kwenye jua na foleni, injini ilikuwa inapata joto hata bila themostati. Huku kwenye upepo wa baridi haipati kamwe. Gia boksi yako ni nzima. Mmeisingizia. Inasubiri joto, na joto mmelinyima wenyewe."

Hakuwa na themostati ya gari lile. Akachukua kipande cha kadibodi, akakikata kwa kisu, akakiweka mbele ya rejeta kuziba nusu ya upepo. "Twendeni tukajaribu. Na wewe shemeji panda, ushuhudie, maana wanaume tukirudi nyumbani tunasimulia tofauti."

Anjelista akapanda nyuma. Mtoto akabaki penye jiko na Mama Ngole.

Fundi akaendesha. Wakapita shamba la misonobari, wakapita daraja. Mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu. Anjelista akamwona mumewe aliyekaa mbele amekunja ngumi.

"Mshale unapanda," Otmari akasema.

"Ndiyo, tunataka upande."

"Fundi, unapanda! Simamisha, zima gari!"

"Tulia, kaka. Kupanda siyo kuchemka. Una mahali pake unatakiwa ufike, halafu utasimama wenyewe."

Otmari akafunika uso kwa mkono. Kisha akasema kitu ambacho katika mwaka mzima wa ndoa hakuwahi kumwambia Anjelista. Alisema akitazama dirishani, kama anazungumza na miti.

"Lilichemka nikiwa nampeleka mke wangu hospitali. Foleni, jua la saa nane. Tulikaa kando ya barabara, mvuke unatoka, yeye amelala kiti cha nyuma hapo. Na mtoto alikuwepo, anampepea mama yake kwa daftari. Mke wangu hakuivuka wiki ile. Nikasema gari hili halitapata moto tena maishani mwangu."

"Pole sana, kaka," fundi akasema.

Na hapohapo gari likatingishika kidogo. Ile kelele ikashuka, injini ikatulia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, likateleza. Ovadraivu imeingia. Fundi alitabasamu. Otmari alikuwa analia. Na Anjelista, pale kiti cha nyuma, alikuwa amekaa ameshika mdomo, kwa sababu hakuwa anafikiria gari tena.

Mnajua alikuwa anafikiria nini?

Alikumbuka wiki yake ya kwanza katika nyumba ile. Watu walimshauri, watu wazuri, wengine wanasali kama sisi. Walimwambia, toa vitu vyote vya marehemu, mtoto asivione, atasahau. Akakusanya khanga, akakusanya picha iliyokuwa ukutani, kitana, kikombe chenye jina, vyote akavifunga katika shuka na kuvipeleka kwa dada wa Otmari. Eusebia alipoanza kulia usiku, Anjelista alimpakata akamwambia, nyamaza mama, mtoto mzuri halii. Alisema hivyo kwa upendo, usiku wa kwanza, wa pili, wa tano. Usiku wa sita mtoto hakulia. Anjelista akamshukuru Mungu kwamba amepoa.

Gari liliporudi gereji hakusubiri hata lisimame vizuri. Alikwenda moja kwa moja penye jiko, akachuchumaa mbele ya mtoto, magoti yake kwenye vumbi la mkaa.

"Eusebia. Nisimulie habari za mama yako, Gaudensia."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa katika nyumba yao tangu yeye aolewe. Mtoto aligeuka kwanza akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari na macho mekundu, kama mtu anayeuliza kama anaruhusiwa kuvuka. Otmari akatikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa anaimba akifua," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Ila maneno alikuwa anayakosea."

"Alikuwa anayakosea?"

"Anaweka ya kwake." Halafu akauliza, "Kumbe kwenu anaruhusiwa?"

"Nani?"

"Mama. Nilidhani kwenu haruhusiwi."

Ndugu zangu, Anjelista alisema baadaye kwamba hajawahi kupigwa kofi kubwa kama lile. Akasema, "Anaruhusiwa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilimtoa ili usiumie." Na mtoto akafungua mdomo kama anataka kusema asante, anti, lakini asante haikutoka. Kilichotoka ni kilio. Kilio cha mwaka mzima na zaidi, cha kutingisha mabega, cha makamasi, cha kumshika mtu nguo usitake kumwachia. Watu wa barabarani wakageuka kuangalia.

Mama Ngole, kwa huruma yake ile ile, akaja na kikombe. "Nyamaza mjukuu wangu, nyamaza, mtoto mzuri ha..."

"Mwache, mama," Anjelista akasema. "Tafadhali, mwache alie."

Mama Ngole akasimama na kikombe chake, akaelewa. Akakiweka chini. Akaketi naye kwenye vumbi upande wa pili wa mtoto, akakaa tu.

Sasa tujiangalie sisi.

Ni nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya jeneza akamwambia mwanaume mwenzake, jikaze? Ni nani hajambadilishia mjane mazungumzo alipoanza kumtaja mumewe, tukadhani tunamsaidia? Tunageuza picha ukutani. Tunagawa nguo haraka. Tunamwambia mtoto mama amesafiri. Tunafanya hivyo kwa wema, na wema huo Mungu anauona, sitaki mtu atoke hapa amejihukumu. Otmari naye aling'oa ile themostati kwa sababu ya mapenzi na hofu.

Lakini tumeogopa kuchemka kiasi kwamba tumenyimana joto. Tunamwona mfiwa ametulia, halii, hasumbui, tunasema amekubali mapenzi ya Mungu. Kumbe injini ya baridi nayo haisumbui. Halafu mwaka unapita, tunaona haendi mbele, hacheki, hatupokei, na hapo ndipo tunapokosa aibu kabisa: tunasema huyu ana moyo mgumu, huyu ameharibika, na tunaanza kutafuta pa kumpeleka. Tunamtafutia ubaya katika gia boksi wakati tulichokitoa sisi wenyewe kiko mikononi mwetu.

Machozi ya mtu akiwa na wenzake hayamchemshi. Yanampandisha mpaka mahali panapotakiwa, na yanasimama yenyewe. Tunaloombwa ni kukaa naye kwenye vumbi wakati mshale unapanda, bila kupiga kelele kwamba zima, zima.

Basi wiki hii tusimwambie mtu jikaze. Tumwendee yule tunayemjua, anayejibu salama kila siku kwa sauti ile ile moja, tumtaje marehemu wake kwa jina, halafu tunyamaze tumsikilize. Tukiwa tumeficha picha, tuirudishe. Na akilia mbele yetu, tusimtafutie kitambaa upesi ili sisi tupumue. Tumwache alie, tusiondoke.

Gari lile halikuendelea na safari ya Songea siku ile. Liligeuza kurudi Njombe, na godoro lake nyuma. Eusebia alilia siku tatu, analala, anaamka, analia tena. Siku ya nne, wakiwa mezani, alisukuma sahani yake mbele akamwambia Anjelista kwamba chapati zake zina chumvi nyingi.